Usukani wa Baiskeli ya Mzigo

Njia itokayo Kasongo kwenda Kabambare ni ya kale kuliko gurudumu lolote lililopita juu yake. Katika karne ya 19 misafara ya Waarabu na Waungwana iliifuata ikitoka Ujiji na kuvuka ziwa, na kila kitu kilichukuliwa kichwani au begani. Na katika wachukuzi hao wengi hawakujichagulia mzigo wala safari. David Livingstone alikwama Kabambare, mahali ambapo yeye aliandika Bambarre, miezi mingi tangu mwaka 1870, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imejaa vidonda. Baadaye ilikuja reli ya Kindu, lakini ilipita magharibi ya Lualaba, ikauacha mji wa Kasongo ng'ambo ya pili. Yalikuja magari, na vita vya miaka ya 1998 hadi 2003 vikaacha barabara nyingi zimefunikwa na majani na madaraja yameoza. Mwandishi Mwingereza Tim Butcher, aliyepita huku kwa pikipiki mwaka 2004 akitoka Kalemie, alisimulia katika kitabu chake habari za watu aliowakuta njiani wakisukuma baiskeli zenye mafuta ya mawese.

Basi mchukuzi mkubwa wa njia hizi amekuwa baiskeli, au kinga, kama wengi wetu tusemavyo nyumbani. Wala haipandwi, inasukumwa. Bidoni moja ya lita 20 ikijaa mawese ina uzito wa kilo 18 hivi. Bidoni sita, tatu kila upande, ni kilo 108, bila kuhesabu baiskeli yenyewe, sufuria, na blanketi ya msukumaji. Tena mafuta hayo mara nyingi si mali ya mtu mmoja: yumo mjomba aliyekopesha fedha, yumo mama aliyekamua, imo na karo ya watoto ambayo bado haijalipwa. Mzigo ukimwagika bondeni, nyumba nzima imemwagika.

Leo twataka kusema juu ya usukani wa baiskeli hiyo. Tukisema usukani hatukusudii chuma kile cha kushika tu, bali viungo vyote vinavyoligeuza gurudumu la mbele: uma ulishikao gurudumu, vikombe na golori zilizomo katika kichwa cha fremu, shingo iingiayo ndani ya bomba la uma, na mikono yenyewe. Mnyororo ukikatika, baiskeli husimama. Tairi likipasuka, husimama vilevile. Usukani ukikatika juu ya mteremko, baiskeli haisimami. Hata hivyo tunaona sokoni mtu akichagua tairi jipya kwa uangalifu mwingi, alibonyeze, alinuse, aulize bei mara tatu. Kisha anunue shingo ya usukani kama anunuavyo kiberiti.

VIPIMO KABLA YA BEI

Viungo vya usukani havikutengenezwa kwa kipimo kimoja duniani kote. Kongo imepokea baiskeli kutoka nchi nyingi, mpya na zilizokwisha kutumika, na kila nchi ilikuja na desturi yake. Bomba la uma la namna ya Kiingereza lina upana wa inchi moja, yaani milimita 25.4, na nyuzi zake ni 24 katika kila inchi. Kiwanda cha Raleigh cha Nottingham kwa miaka mingi kilikata nyuzi 26. Wafaransa nao walikuwa na bomba la milimita 25 kamili, na uzi mmoja kwa kila milimita. Kwa macho vitu hivi vyote ni ndugu. Kwa spana si ndugu hata kidogo: nati ya kabila moja ikilazimishwa juu ya bomba la kabila jingine itapanda mizunguko miwili, itakaza vizuri, fundi atafurahi, na nyuzi zitakuwa zimekwisha kuliwa.

Kwa hiyo mnunuzi aende sokoni na nati yake ya zamani mfukoni, au, ikiwezekana, na uma wenyewe. Nati iliyo sawa huzunguka kwa vidole viwili tangu mwanzo wa nyuzi hadi mwisho. Ikihitaji spana kabla haijafika chini, irudishwe kwa mwenye duka bila maneno mengi.

Vivyo hivyo kwa shingo. Zilizo nyingi zina unene wa milimita 22.2, za Kifaransa cha zamani zina 22. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko wembamba wa ukucha. Lakini shingo iliyo nene haitaingia katika bomba la Kifaransa isipokuwa kwa nyundo, na aliyetumia nyundo hapo amekwisha kulitanua bomba. Ile nyembamba ikiwekwa katika bomba pana itakaa kimya siku ya kwanza, kisha itaanza kulia njiani, na kulia huko si wimbo.

Vijana wetu wa shule hutuuliza juu ya baiskeli ndogo ziitwazo BMX, zenye magurudumu ya inchi 20, ambazo watoto wa California walianza kuzifanyia michezo mwishoni mwa miaka ya 1960 wakiiga mashindano ya pikipiki, na ambazo tangu mwaka 2008, huko Beijing, zimo katika michezo ya Olimpiki. Usukani wake ni mzuri sana: una upau unaounganisha mikono miwili ili isipinde, na shingo yake ni fupi na nene. Je, haufai kwa mzigo? Fikirini kwanza. Bomba la uma la BMX za leo kwa kawaida lina milimita 28.6, tena halina nyuzi. Shingo hulibana kwa nje. Haliwezi kuingia katika kichwa cha fremu ya kale iliyotengenezwa kwa inchi moja. Zaidi ya hayo, uma wake umesimama wima kuliko wa baiskeli ya kawaida, makusudi ili gurudumu ligeuke upesi. Mchezaji anataka wepesi huo. Msukumaji mwenye bidoni sita anataka kinyume chake kabisa, gurudumu zito kugeuka, linalojua njia lenyewe. Mwenye kuijenga BMX kwa ajili ya michezo na ashike neno moja: bolti ya juu ya kifuniko si ya kuishika shingo, ni ya kuondoa mchezo wa golori tu. Huikaza hiyo kwanza bolti za ubavuni zikiwa zimelegea, kisha hukaza za ubavuni, baada ya kuinyosha shingo ielekee sawa na gurudumu. Wanaogeuza utaratibu huu hukaza mpaka nyuzi zing'oke, na usukani bado unachezacheza.

UMA

Uma wa baiskeli ya mzigo uwe wa chuma, nao uwe haujachomelewa. Twajua neno hili litawaudhi mafundi wengine, maana kuchomelea uma ni kazi yao ya kila siku, tena wengine huongeza nondo kando ya miguu yake ili uwe na nguvu. Nondo husaidia miguu, ni kweli. Lakini mahali uma unapovunjika si miguuni; ni pale juu, bomba linapokutana na mabega. Hapo chuma kilichopashwa moto mkali hubadilika pembeni mwa kiungo, na uzito wote unaotikisika juu ya mawe humalizikia papo hapo. Ufa wa mahali hapo huanza kama unywele, chini ya rangi. Uoshwe kwa mafuta ya taa, upanguswe, utazamwe juani. Mstari wa kutu usiofutika ni ufa. Uma wa namna hiyo hautengenezwi, unatupwa.

Tumeona pia baiskeli ambazo uma wake umegeuzwa nyuma, mkunjo wake ukielekea kwa msukumaji, labda baada ya kugonga kisiki, labda kwa kutaka kufupisha baiskeli. Mkunjo ule wa mbele haukuwekwa kwa urembo. Tuvute mstari kwa mawazo kupitia kichwa cha fremu mpaka ardhini: tutaona kwamba gurudumu linagusa ardhi nyuma kidogo ya mstari huo, likiufuata kama mkia. Ndiyo sababu ukiishika baiskeli kwa kiti tu na kuinamisha kushoto, gurudumu hugeuka kushoto lenyewe. Mkunjo huweka kipimo cha ufuasi huo. Uma ukigeuzwa, ufuasi unazidi mno, usukani unakuwa mzito kuliko nguvu za mtu mchovu, na gurudumu linakaribia kugusana na mguu wa anayepanda.

GOLORI

Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa ndipo kazi inapoharibika zaidi.

Katika kichwa cha fremu kuna vikombe viwili, kimoja juu na kimoja chini, na ndani yake golori, tufe ndogo za chuma ambazo kwa kawaida zina upana wa inchi 5/32, karibu milimita 4. Golori za kitovu cha gurudumu la mbele ni kubwa zaidi, inchi 3/16. Fundi mwenye haraka huzichanganya, naye hugundua kosa baada ya kuvunja kikombe. Hata kuchanganya golori mpya na za zamani ni vibaya, maana zile zilizolika hazibebi kitu, na mpya zinabeba peke yao.

Vikombe vinaingia kwa kubanwa. Visipigwe nyundo upande mmoja, kwani kikombe kilichoingia mshazari hakitanyooka tena. Njia iliyo bora haina gharama: bolti ndefu, nati yake, na vipande viwili vya chuma bapa. Bolti hupitishwa ndani ya kichwa cha fremu, vyuma bapa huwekwa juu ya vikombe pande zote mbili, na nati hukazwa polepole mpaka vikombe vikae. Rangi na kutu vikwanguliwe kwanza. Pete ikaayo juu ya mabega ya uma nayo ishushwe kwa kipande cha bomba la maji linalozunguka bomba la uma pande zote, si kwa patasi.

Kisha grisi. Jaza kikombe, panga golori moja moja katika grisi, acha nafasi pungufu kidogo ya golori moja ili zisisukumane. Na hapa tuseme wazi jambo ambalo kila mtu wa Maniema anajaribiwa nalo: mawese si grisi. Mtu anasukuma lita 120 za mafuta, golori zinalia, kwa nini asichovye kidole? Mawese huganda kwa baridi ya asubuhi, huchacha, hukusanya vumbi, na baada ya siku chache huwa kama gundi. Kuliko mawese, afadhali mafuta ya injini yaliyokwisha kumwagwa na gari, yakichujwa kwa kitambaa.

Kukaza ni kazi ya vidole na masikio. Kaza kikombe chenye nyuzi kwa mkono mpaka mchezo uishe, weka washa, kisha nati ya juu, na ushike kikombe kwa spana nyingine wakati wa kukaza nati, la sivyo vitazunguka pamoja. Kujua kama ni sawa kuna njia mbili. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku kidole kiko kati ya kikombe na fremu: kidole kikisikia mgongano, umelegea. Kisha inua gurudumu la mbele na uinamishe baiskeli kidogo: lisipogeuka lenyewe, umekaza mno.

Baiskeli iliyobeba mizigo mingi hupata ugonjwa mwingine. Golori huchimba vishimo vidogo katika kikombe cha chini, na usukani unakuwa kama unakamatwa kila ufikapo katikati. Wengine hulegeza ili ugeuke, na hapo wanaleta ubaya mkubwa zaidi. Dawa ni kubadili kikombe na pete yake. Asiye na fedha, kama golori zake zilikuwa zimefungwa katika kizuizi cha bati, aziondoe humo na kuzipanga huru, moja au zaidi ya idadi ile ya kwanza. Kwa kuwa nafasi zake zimebadilika, hazitaangukia zote pamoja katika vishimo vya zamani. Itampeleka safari kadhaa.

SHINGO NA KABARI

Shingo inashikwa na kabari iliyo ndani ya bomba, ikivutwa juu na bolti ndefu. Wanafunzi watazame: hii ni kabari ileile ya shoka na mpini wake. Kwenye ubavu wa shingo mara nyingi pamechorwa alama ya mwisho, na alama hiyo isionekane juu ya nati. Kama haipo, milimita 65 za shingo, yaani karibu upana wa vidole vinne vya mtu wa kadiri, zizame ndani. Sababu yake ni hii: sehemu ya juu ya bomba la uma imekatwa nyuzi, kwa hiyo ni nyembamba na dhaifu. Kabari ikitanuka pale penye nyuzi, bomba hupasuka hapo. Ikitanuka chini yake, inakaa penye nyama nzima.

Warefu wanapenda kuivuta shingo juu ili wasiiname. Twawaelewa, lakini kuinama hakujamvunja mtu meno.

Shingo ipakwe grisi kabla ya kuingia, la sivyo kutu itaifunga milele. Wakati wa kuitoa usiing'oe kwa nguvu: legeza bolti mizunguko mitatu, weka kipande cha mti juu ya kichwa chake, gonga mara moja, na kabari itaanguka.

MIKONO NA FIMBO

Baiskeli za kale zenye breki za fito za chuma, kama Phoenix za Shanghai na Hero za Ludhiana, mara nyingi zina mikono na shingo vilivyounganishwa kiwandani kuwa kitu kimoja, na fito za breki zimeshikwa humo. Anayebadili usukani huo ajue kwamba anabadili breki pia. Wengi hawajui. Hununua usukani wa mtindo mpya, fito zinakosa mahali, naye husema atafunga breki za waya. Lakini rimu za baiskeli hizo zimeviringwa pembeni, na breki yake hubana upande wa ndani unaotazama kitovu. Breki ya waya ibanayo ubavuni haipati mahali bapa pa kushika. Matokeo yake ni baiskeli yenye kilo 108 na usukani unaometameta, bila breki ya mbele. Kwa sababu hiyo, sisi twashauri: kama usukani wa zamani haujapinda wala kutoboka kwa kutu, ubaki. Ukibidi kubadilishwa, utafutwe wa namna ileile, hata kama umekwisha kutumika. Rahisi ghali, na hapa ghali yake si ya fedha peke yake.

Chuma au alumini? Kwa mzigo, chuma. Chuma huinama kabla ya kukatika, nacho kinampa mtu habari mapema. Alumini iliyokwaruzwa na waya au kupigwa hukatika ghafula.

Sasa fimbo. Msukumaji hutembea kando ya baiskeli, na mkono wake haufiki kwenye usukani kwa sababu bidoni zimejaza nafasi. Kwa hiyo hufunga fimbo ndefu. Si sisi tuliobuni peke yetu. Mwaka 1954, katika vita vya Dien Bien Phu, wachukuzi wa Vietnam walifunga mianzi kwenye usukani wa baiskeli na kusukuma mizigo ya kilo 200 na zaidi kupitia milima. Lakini fimbo ni mtaimbo, na mtaimbo hauulizi unachovunja. Mwanafunzi wa darasa la sita aweza kuhesabu: mkono wa usukani una sentimita 30 kutoka katikati, fimbo ikifika sentimita 75, nguvu ileile ya mtu inaisokota shingo mara mbili na nusu zaidi. Naye akijikwaa na kuiegemea fimbo, uzito wake wote unaushusha upande mmoja wa usukani.

Kwa hiyo fimbo isifungwe kwenye ncha ya kushoto peke yake. Ilazwe juu ya usukani wote, kulia hadi kushoto, ifungwe mahali pawili au patatu kwa ukanda wa mpira wa ndani ya tairi uliovutwa sana. Waya usitumike, maana unakwaruza, na kutu huanzia penye mkwaruzo. Mti uwe mbichi kiasi, unaonepa. Na iwepo fimbo ya pili, iliyosimama nyuma ya kiti. Hiyo ya nyuma ndiyo ya kusukumia na ya kuzuilia penye mteremko. Ya mbele ni ya kuelekeza tu. Tumewatazama vijana wengi wapya wakisukuma kwa fimbo ya mbele, mwili mzima umeilalia. Wazee wa kazi hiyo hushika ile ya mbele kwa vidole, kama mtu ashikaye mkono wa mtoto, na nguvu zao zote ziko nyuma.

Usukani mpya hulegea baada ya siku ya kwanza, kwa kuwa vikombe vinajikalia vizuri chini ya mzigo. Asubuhi ya siku ya pili, kabla ya kuinua baiskeli, zile njia mbili za kupima golori zirudiwe, na kabari ijaribiwe: bana gurudumu la mbele kati ya magoti na uzungushe usukani kwa nguvu, ukigeuka wakati gurudumu limetulia, bolti ikazwe. Baiskeli iliyovushwa majini, katika Luama au vijito vyake, hata kichwa cha fremu kikazama, ifunguliwe jioni hiyohiyo, ikaushwe, itiwe grisi mpya.

Akiba ya njiani ni ndogo: spana mbili, ukanda wa mpira, nati moja ya juu ya kipimo cha uma wako, na golori 30 za inchi 5/32 zilizoviringishwa katika kitambaa chenye grisi ndani ya kopo. Kopo hilo likae katika mfuko wa nguo. Wakati wa kurudi na gunia la chumvi wengi hulisukumiza humo chumvini lisipotee, na wakilifungua huko mbele hukuta kutu.